Barua Iliyovuka Kilifi: Malindi na Mombasa Zilipokuwa Mahasimu

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, na nusu ya njia unakutana na hori la Kilifi. Siku hizi gari hulivuka darajani kwa muda mfupi, hata msafiri asipate nafasi ya kutazama. Upande wa kusini, juu ya ukingo, yapo magofu ya Mnarani: misikiti miwili, makaburi na mibuyu mikubwa. Watu walioswali hapo waliishi kwenye mpaka. Kusini kwao ilikuwa Mombasa, kaskazini Malindi, na kwa zaidi ya miaka 90 miji hiyo ilitazamana kwa jicho la uadui.

Uadui huo unaumiza zaidi ukikumbuka kwamba haukuwa wa wageni kwa wageni. Lugha yao ilikuwa moja, kibla kimoja, nyumba za matumbawe za namna moja. Wote wawili walingoja kaskazi iwaletee nguo za Gujarat, na wote wawili waliuza pembe za ndovu. Tatizo lilikuwa hilo hilo la kufanana: wenye duka la aina moja mtaa mmoja hugombania mteja mmoja. Mombasa ilikuwa na bandari yenye kina na kinga, merikebu hujificha nyuma ya kisiwa. Malindi ilikuwa na mashamba mazuri na jina kubwa ng'ambo, kwani mwaka 1415 twiga wake alifikishwa hadi kwa mfalme wa China. Lakini bandari yake ilikuwa wazi kwa bahari. Ili ipate biashara, ilihitaji rafiki.

Aprili 1498 rafiki huyo akatokea. Vasco da Gama alipitia Mombasa kwanza, na huko watu waliogelea usiku kukata kamba za merikebu zake. Wiki moja baadaye alitia nanga Malindi. Sultani wa Malindi alimpokea kwa vyakula, kwa zawadi na kwa rubani aliyemvusha hadi India chini ya mwezi mmoja. Tangu siku hiyo Wareno waliihesabu Malindi rafiki na Mombasa adui. Sultani hakuwa mjinga wala msaliti aliyezaliwa hivyo. Alifanya alichofanya mtu mdogo aliyechoka kusukumwa na jirani mkubwa: alimkaribisha mwenye nguvu, akiamini nguvu hizo zitaelekea ng'ambo ya hori peke yake.

Agosti 1505 zikaelekea kweli. Francisco de Almeida aliivamia Mombasa kwa merikebu na mizinga, akaichoma moto na kuipora. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko vita vyote vya pwani hii. Mfalme wa Mombasa, aliyenusurika nje ya mji wake, aliandika barua. Hakumwandikia mshirika. Alimwandikia mfalme wa Malindi, hasimu wake. Alimweleza kwamba ametokea mtu aliyekuja na moto, hakumhurumia mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto mchanga, na hata ndege wa angani hawakuachwa. Alimwambia kwamba uvundo wa maiti ulimzuia asiingie mjini mwake. Akamalizia kwa kumtaka achukue tahadhari kwa usalama wake mwenyewe.

Hebu tulifikirie hilo. Mtu amechomewa mji na rafiki wa jirani yake, na jambo analoona lazima alifanye ni kumwonya jirani huyo. Uadui ulikuwa umezungumza kwa miaka, lakini siku ya msiba ilizungumza damu. Katika historia ya miji hii miwili sijaona neno la mapenzi lililo wazi kuliko onyo hilo.

Onyo halikusikika. Wareno walipoiteketeza Mombasa tena mwaka 1528 na 1529, chini ya Nuno da Cunha, watu wa Malindi walikuwa pamoja nao. Wahenga walishasema, vita vya panzi furaha ya kunguru.

Mwisho wa karne hiyo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1589 Wazimba, waliokuwa wakipanda pwani kutoka kusini, waliingia Mombasa na kuimaliza, kisha wakaifuata Malindi. Malindi iliokolewa na Wasegeju, wapiganaji wa bara, waliowavunja Wazimba nje ya mji. Miaka michache baadaye mfalme wa Mombasa alikusanya nguvu alizobakiza ili ailipize Malindi kisasi. Wasegeju wakamuua yeye na wanawe, wakauteka mji wake, wakamwita mtawala wa Malindi aje aukalie. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwenye mlango wa bandari, na Sultani Ahmad wa Malindi akahamia Mombasa na nyumba yake.

Malindi ilikuwa imeshinda. Ilipata kiti ilichokitamani karne nzima, na kiti hicho ndicho kilichoiua. Mtawala alipoondoka, wafanyabiashara walimfuata, na mji ukaanza kusinyaa.

Huko Uskoti karibu wakati huo huo kilipita kisa kinachofanana nacho. Mwaka 1503 mfalme James IV alimwoa Margaret, binti wa mfalme wa Uingereza, ili mahasimu wawili wa mpakani wawe wakwe. Miaka kumi baadaye, huko Flodden, James aliuawa akipigana na jeshi la shemeji yake. Kitukuu cha ndoa hiyo, James VI, alirithi taji la Uingereza mwaka 1603, akahamia London, na akarudi kwao mara moja tu. Naye alishinda kwa kuondoka.

Nyumba ya Malindi nayo ilikuwa na ndoa yake. Hasan, mwana wa Ahmad, aligombana na wakuu wa ngome. Mwaka 1614 alikimbilia bara, akauawa na watu waliohongwa nguo na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye alipelekwa Goa. Mapadri wa Augustino walimlea na kumbatiza Jerónimo, na akamwoa mwanamke Mkristo, Isabel Varela. Kisha akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba ya waliomuua babake. Wareno walidhani ubatizo na ndoa vimekwisha kumgeuza. Wenyewe walisimulia kwamba alionekana usiku akimwombea babake kaburini kwa dua ya Kiislamu. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamchoma kisu mkuu wa ngome hiyo, Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakauawa. Mwaka uliofuata aliihama ngome, akaishia baharini akiwawinda Wareno hadi kifo chake. Urafiki ulioanza 1498 kwa vyakula na rubani ulikatika kwa kisu cha mjukuu wa Sultani Ahmad.

Mtalii akifika Malindi leo huonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama, nyeupe, yenye msalaba, kwenye rasi inayoingia baharini. Huonyeshwa pia kanisa dogo la Wareno. Si vibaya, ni mambo yaliyotokea. Lakini barua ya 1505 haina nguzo. Ningependa mwalimu anayewavusha wanafunzi daraja la Kilifi asimamishe gari upande wa Mnarani, awateremshe chini ya mibuyu, awaeleze: hapa palikuwa mpaka, na mwaka ule mji ukinuka maiti, mtu wa ng'ambo hii alimwandikia adui yake wa ng'ambo ile, ajiokoe.