Mtwana Asiye na Mwenyewe: Mjomba Tom baina ya Kitabu, Mahakama na Jukwaa

Kwa takriban miaka mia sasa, Mmarekani mweusi atakaye kumvunjia heshima mwenziwe kwa kumtuhumu kwamba ameiuza nafsi yake kwa wazungu humwita Mjomba Tom, wala jina hilo likisha kutamkwa halihitaji sharhi. Malcolm X alimwita hivyo Martin Luther King. Muhammad Ali alimwita hivyo Joe Frazier, mwana wa mkulima maskini wa South Carolina, walipokuwa wakijitayarisha kupigana mwaka 1971. Ilhali Tom mwenyewe, katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe iliyotolewa Boston mwezi Machi 1852, ni mtwana anayepigwa hata kufa kwa sababu amekataa kutaja walikojificha wajakazi wawili waliotoroka. Imekuwaje jina la mtu aliyekufa kwa kuitunza siri ya wenziwe likawa jina la msaliti? Hilo ndilo suala la makala hii.

Katika mambo mawili wataalamu hawana hitilafu, nami sitayakalia. La kwanza ni kwamba kitabu kilienea kuliko riwaya yoyote iliyokitangulia Marekani, nakala zipatazo 300,000 zikanunuliwa nchini humo kwa mwaka mmoja. La pili ni kwamba Tom wa kitabuni si msaliti. Ugomvi umo katika kumtafuta aliyembadilisha. Kauli iliyozoeleka huwatia hatiani wachezaji wa jukwaani, waliouchukua mkasa huo wakautembeza mji kwa mji kwa miaka themanini. Adena Spingarn, katika kitabu chake cha 2018, ameipinga kauli hiyo kwa nguvu: asema michezo ile ilikuwa na makali yake ya kisiasa hata katika zama za ubaguzi, na kwamba doa la usaliti lilitiwa na Wamarekani weusi wenyewe mwanzoni mwa karne ya ishirini, kizazi kipya kilipokuwa kikitaka kujitenga na wazee waliozaliwa utumwani. Ushahidi wake wa magazeti si wa kubezwa, nami nakubali kwamba ametujibu kwa ufasaha ni nani waliolitumia jina hilo kwa matusi na ni lini walipoanza. Lakini haikunibainikia, kwa jawabu hiyo, ni Tom yupi waliyekuwa wakimwona machoni mwao walipomtukana. Dai langu ni kwamba walimwona Tom wa jukwaani, na kwamba jukwaa liliweza kumgeuza litakavyo kwa sababu sheria ya Marekani ilikuwa imekwisha kumtoa mikononi mwa aliyemtunga.

Tumtazame kwanza huyo wa kitabuni. Stowe anamleta mbele yetu akiwa mtu wa umbo kubwa, kifua kipana, mwenye nguvu nyingi, mume wa Chloe na baba wa watoto ambao wa mwisho wao bado ni wa kubebwa. Umri wake unazidi ule wa Bwana Shelby, mwenye shamba la Kentucky, kwa miaka minane tu, kwani Tom mwenyewe akumbuka alivyowekewa mikononi kitoto hicho kilichozaliwa kuwa bwana wake, naye akiwa kijana wa miaka minane. Anajua kusoma. Ndani ya merikebu ya moshi inayomteremsha Mississippi baada ya kuuzwa, huisoma Biblia neno baada ya neno, kwa utaratibu wa mtu aliyejifunza ukubwani. Na huko New Orleans, kwa mabwana zake wapya, tunamkuta ameinamia ubao wa mawe akijaribu kuwaandikia walioko Kentucky, mtoto Eva ameegemeza kichwa karibu na chake, wote wawili wakibishana juu ya tahajia za maneno ambayo hakuna kati yao anayeyajua sawasawa, hata baba wa mtoto akatokea, akawaonea huruma, akaiandika barua mwenyewe. Bwana huyo, Augustine St. Clare, ndiye aliyemwuliza siku nyingine kama hakuwa na maisha bora kwake kuliko ambavyo angekuwa nayo akiwa huru. Na Tom akamjibu bila ya kutafuna maneno kwamba afadhali nguo duni na nyumba duni zilizo zake kuliko nzuri zilizo za mtu mwingine. Msomaji atakayeipita sahifa hiyo akadai bado kwamba Tom aliupenda utumwa, sijui amesoma kwa macho gani.

St. Clare achomwa kisu kabla ya kutimiza ahadi ya kumwandikia uhuru, mjane wake ampeleka Tom mnadani, na Simon Legree amnunua ampeleke katika shamba la pamba kandokando ya Mto Red, katika Louisiana. Hapo ndipo Tom anapoamriwa kumchapa mwanamke mgonjwa aliyetuhumiwa kuvuna kidogo, naye akakataa, akapigwa yeye. Hapo tena ndipo Cassy, suria wa Legree, anapomjia usiku na habari kwamba bwana amelewa dawa aliyomtilia katika kileo, na kwamba shoka liko tayari. Tom akataa kumwaga damu, na wakosoaji wake wote hukimbilia kukataa huku. Hawasemi, au husema kwa haraka, kwamba katika mazungumzo hayo hayo yeye ndiye anayemshauri Cassy atoroke pamoja na Emmeline, mjakazi mwenziwe, na kwamba wote wawili wanapotoweka yeye ajua walipo na mpango wao. Aulizwa; akiri kwamba ajua; akataa kusema. Wajoli wake wawili, Sambo na Quimbo, wampiga kwa amri ya Legree mpaka roho yake inaanza kumtoka. Wanawake wale wafika salama. Kwa mizani yoyote ya siasa, huyo ni mtu aliyefanikisha kutoroka kwa wengine kwa gharama ya uhai wake.

Sasa tuingie mahakamani, mahali ambapo wahakiki wa fasihi hawapendi kukaa kwa muda mrefu. F. W. Thomas, mchapishaji wa gazeti la Kijerumani mjini Philadelphia, alitoa tafsiri ya riwaya hiyo kwa ajili ya Wajerumani wa Pennsylvania bila ya kumwuliza mtu, ilhali Stowe alikuwa amekwisha kuidhinisha tafsiri yake mwenyewe kwa lugha hiyo hiyo. Mama huyo akaenda kushtaki. Mwaka 1853 hakimu Robert Grier akahukumu kwamba sheria ya 1831 ilimlinda mwandishi katika kunakiliwa maneno yake tu, na kwamba tafsiri si nakala. Akaongeza, pasipo kulazimika, kuwa baada ya kitabu kutolewa wahusika wake huwa mali ya umma, akina Tom na Topsy, yule mtoto mtumwa wa kitabuni, wakiwa katika hali ile ile ya watu wa Homer na Cervantes, mtunzi asibakiwe na lolote ila haki ya kuchapa kitabu chake. Grier ni hakimu yule yule aliyekuwa akiitekeleza katika eneo lake sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro kwa mabwana zao, na aliyeungana na wenziwe mwaka 1857 kumnyima Dred Scott uhuru wake. Katika mahakama yake, basi, mtu wa nyama na damu aliweza kuwa milki ya mwenziwe popote akimbiliapo, na mtu wa karatasi hakuwa milki hata ya aliyemzaa kwa kalamu. Stowe, aliyeandika riwaya nzima kupinga hilo la kwanza, aliumizwa na hilo la pili.

Hukumu hiyo ilihusu tafsiri, haikuhusu mchezo wa kuigiza, na mwanasheria makini atanikumbusha hivyo mara moja. Ni kweli. Lakini kwa mantiki ya Grier jukwaa lilikuwa huru zaidi, maana mchezo uko mbali na nakala kuliko tafsiri ilivyo. Na si kabla ya 1870 sheria ilipowapa waandishi wa Marekani uwezo wa kujiwekea haki ya kukigeuza kitabu kuwa mchezo. Stowe naye alijifungia mlango mmoja kwa mkono wake: mwimbaji Asa Hutchinson alipomwomba ruhusa mwaka 1852 kuupeleka mkasa jukwaani, alimkatalia kwa hofu ya mwana wa kasisi, kwamba mchezo mmoja mwema ungewazoeza vijana wa Kikristo kwenda katika majumba ya michezo. Walioomba ruhusa walinyimwa, wasioomba wakajichukulia.

Wa kwanza mwenye umaarufu alikuwa George Aiken, aliyetunga mchezo wake kwa ajili ya jamaa ya Howard mjini Troy, New York, mwezi Septemba 1852: mume akawa St. Clare, mke akajipaka masizi akawa Topsy, binti yao Cordelia akawa Eva. Kwa insafu lazima nikiri kwamba Aiken hakumfanya Tom kuwa mwoga, alimwacha afe kama alivyokufa kitabuni, na hapa Spingarn ana haki. Lakini hakuwa peke yake. H. J. Conway alitunga mchezo ambamo Tom hafikwi na umauti, naye P. T. Barnum akauonesha New York mwaka 1853. Na mauti yakisha kuondolewa, siri aliyoifia haina uzito tena. Waimbaji wenye nyuso za masizi wakatunga vichekesho ambavyo shamba lote ni furaha na ngoma. Januari 1854 aliyesimama katika jukwaa la Bowery kumwigiza Tom alikuwa T. D. Rice, mzungu yule yule aliyejipatia umaarufu miaka ishirini na zaidi nyuma kwa kucheza na kuimba akijiita Jim Crow, jina ambalo baadaye lilipachikwa sheria zote za ubaguzi wa Kusini. Nani angemzuia? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe makundi yakazidi, na kila kundi likaongeza kivutio chake: mbwa wakali wakamkimbiza Eliza, mjakazi mtoro, juu ya barafu ya Mto Ohio, ingawa katika kitabu hakuna hata mbwa mmoja anayemfuata hapo, Topsy wakawa wawili kwa tiketi moja, na Tom, yule baba mwenye kifua kipana, akaota mvi, akapinda mgongo, akashika mkongojo. Katika filamu ya Edwin S. Porter ya 1903 Tom ni mzungu aliyepakwa rangi, na watumwa wanaosubiri kunadiwa wanaonekana wakicheza ngoma na kamari kana kwamba wako harusini.

Ulikuwapo mchezo mmoja wenye idhini. Mwaka 1855 Stowe aliikata riwaya yake mwenyewe ikawa matini ya kusomwa kwa sauti, kwa ajili ya Mary Webb, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, aliyesimama peke yake mbele ya hadhira za Boston na miji mingine, kisha London mwaka 1856, akizisema sauti zote za kitabu bila ya masizi wala mbwa. Jambo hilo halikuweza kushindana na sarakasi za Barnum. Nalitaja kwa kuwa laonesha sura ambayo Tom angekuwa nayo lau Stowe mwenyewe angesikilizwa.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote, hata hivyo, watoka kwa hasimu mkubwa wa riwaya hii. James Baldwin, katika insha yake mashuhuri ya 1949, alimshtaki Stowe kwamba amemvua Tom ubinadamu na uanaume wake ili amfanye astahili kuhurumiwa, na katika kumsawiri akamwita mtu asiyejua kusoma. Baldwin, kwa maelezo yake mwenyewe, alikisoma kitabu hicho mara nyingi utotoni mpaka mama yake akakificha. Vipi basi msomaji wa namna hiyo, mwenye jicho lisilopitwa na kitu, ausahau ule ubao wa mawe, na ile Biblia isomwayo neno kwa neno katika merikebu, na Chloe na watoto? Siwezi kuthibitisha yaliyopita katika fikra za mtu. Lakini naona ni karibu na yakini kwamba picha ya mzee mjinga mwenye mvi, iliyokuwa imetanda kote nchini kwa miongo mingi, ilimziba hata yeye kitabu alichokishika mkononi. Kama ilimziba Baldwin, wafuasi wa Marcus Garvey wa 1919 na 1920 waliolitamka tusi hilo, ambao wengi wao walimjua Tom kwa mabango na filamu, wangepona vipi?

Yako makala mawili ya 1852 yanayoweza kutupwa dhidi yangu. William G. Allen, mwalimu mweusi, aliandika katika gazeti la Frederick Douglass kwamba Tom ana dini kupita kiasi, na William Lloyd Garrison akauliza iwapo kuna sheria moja ya unyenyekevu kwa weusi na nyingine ya uasi kwa weupe. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya Aiken, wala siyapunguzii thamani. Swali la Garrison halijajibiwa vizuri na mtu yeyote, hata na Stowe mwenyewe. Lakini hakuna katika wawili hao aliyemwita Tom msaliti. Kulalamika kwamba shahidi ni mpole mno ni jambo moja, na kumtangaza kuwa kibaraka ni jambo jingine, nalo lilihitaji miongo sita ya masizi baina yake na la kwanza.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fasihi ya Marekani waache kuifundisha riwaya hii kwa kuanza na tusi. Waanze na sura ya 40, wamfuatishe mwanafunzi kwenye hukumu ya Grier, kisha wamwoneshe filamu ya 1903. Aliyepitia njia hiyo hatamlaumu Stowe kwa mvi asizompa Tom.