Stesheni ya Mwanza na Njia ya Miguu

Mgeni aingiaye Mwanza kwa gari la moshi huona mawe makubwa juu ya vilima, kisha huona maji ya ziwa, kisha hushuka stesheni. Watoto wetu huidhania stesheni ile kuwa ni kama mawe yale, kana kwamba imekuwapo tangu kale. Sivyo. Ina umri wake na sababu yake, nayo yafaa tuijue. Maana asiyejua njia ilivyokuwa kabla ya reli hawezi kupima faida ya reli.

Zamani njia ya kutoka pwani mpaka ziwani ilikuwa njia ya miguu. Mwezi wa Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, akafika Kageye, ufukoni upande wa mashariki ya Mwanza, mwezi wa Februari 1875. Safari yake ilikuwa ya siku 103. Wengi wa watu wake hawakufika: wengine walikufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa vita, na wengine walitoroka. Mapadre wa kwanza wa White Fathers waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, nao walifika ziwani mwisho wa Desemba. Magari ya siku zile yalikuwa mabega ya wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 hata 70. Wake zao walifuatana nao mara nyingi. Lakini mzee na mgonjwa, hao walibaki nyumbani. Njia ilikuwa ya wenye nguvu.

Reli ya kwanza kuligusa ziwa haikutoka upande wetu. Ilitoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Hata meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, vipande vyake vingi vilikwisha kuchukuliwa na wapagazi kabla reli haijafika. Tangu hapo mlango wa Mwanza ukawa upande wa kaskazini: bidhaa zilipakiwa melini mpaka Kisumu, na kutoka huko mpaka Mombasa. Mji ulikuwa katika nchi ya Wadachi, walakini mali yake ilipita katika nchi ya Waingereza.

Wadachi nao walikuwa wakijenga. Reli yao ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walikusudia kutoa tawi Tabora kuelekea Rwanda, lakini vita vikatokea mwaka ule ule na kazi ikakoma. Mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, na baada ya vita wakajenga tawi lao wenyewe kutoka Tabora kwenda kaskazini, karibu kilomita 380. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza. Hapo mji ulipata mlango wa pili, nao ukatazama kusini.

Twapenda wasomaji waangalie jambo moja. Reli ile haikuifikia Mwanza kwa kuruka. Ilipita Isaka na Shinyanga, ikapita Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, na katika kila mahali hapo gari likasimama. Stesheni hizo ndogo ndizo zilizobadili maisha ya vijiji. Mkulima wa pamba aliona mzigo wake ukiondoka pasipo kichwa cha mtu chini yake. Na bibi kizee, ambaye zamani asingaliweza kufika Tabora ila kwa kubebwa, sasa alikata tikiti yake akapanda.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa ya haki. Kwa desturi ya siku za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Waafrika walisongamana katika la tatu. Hata hivyo daraja la tatu ndilo lililojaa, na fedha ya maskini wengi ilisaidia kuliendesha gari.

Meli hazikufa kwa ajili ya reli. Ziwa na reli zilishikana mikono: hata leo mabehewa ya mizigo huingizwa katika meli ya Umoja, bandari ya Mwanza Kusini, yakavushwa mpaka Port Bell katika Uganda. Lakini mkono ukikatika popote, mwili wote huumia. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, mbali sana na ziwa, na safari ya abiria kutoka Dar es Salaam ikakatika.

Sasa historia yafungua ukurasa mwingine. Reli ya kale ina upana wa mita 1. Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, yenye upana wa milimita 1,435, ili magari ya abiria yaweze kwenda kilomita 160 kwa saa. Twafurahi. Stanley angeshangaa, na wapagazi wake zaidi. Lakini twauliza swali ambalo historia yenyewe yatufundisha kuuliza: gari lendalo mbio litasimama wapi? Kwa kuwa sifa ya reli ya mwaka 1928 haikuwa mbio zake, maana lilikuwa gari la pole sana. Sifa yake ni kwamba lilimngojea mtu wa Malya na mtu wa Mantare.

Basi, ninyi mkaao kando ya reli, waulizeni wazee wenu ni nani waliochimba tuta, nani waliolaza mataruma, na nani walikuwa wa kwanza kupanda. Andikeni majina yao. Njia ya miguu ilikwisha sahau majina ya waliobeba mizigo. Tusiiache njia ya chuma isahau vivyo hivyo.