Tiba ya sindano za Kichina na ukomo wa hedhi: inasaidia kiasi gani?

Mwanamke wa Tingi anayeamka usiku wa manane akiwa amelowa jasho, jambo la kwanza analofikiria ni malaria. Pwani yetu imezoea hivyo. Atanunua dawa mseto, atamaliza dozi, na wiki inayofuata jasho litarudi. Ikiwa ana umri wa miaka 47 au 50 na hedhi yake imeanza kuruka miezi, huenda tatizo si malaria. Huenda mwili wake unaingia katika ukomo wa hedhi.

Wanawake wengine wa umri huo husikia kwamba kuna madaktari wa Kichina, hasa Dar es Salaam, wanaotibu hali hii kwa kuchoma sindano nyembamba mwilini. Tiba hiyo huitwa akupancha. Je, inafaa kufunga safari kwa ajili yake? Katika makala hii tunaeleza tiba yenyewe, utafiti ulichoonyesha, na mambo ya kufanya kabla ya kulipa nauli.

Ukomo wa hedhi ni nini?

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na pasiwe na sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya miezi hiyo 12 kutimia, mimba bado inaweza kuingia, hata kama hedhi inakuja kwa kubahatisha.

Chanzo ni kupungua kwa homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni inapopungua, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, ubongo huamuru mwili ujipoze: mishipa ya ngozi hutanuka, uso na kifua huwaka moto, jasho hutoka, na baada ya dakika chache mtu huhisi baridi. Hilo ndilo fukuto la ghafla. Likija usiku, usingizi hukatika, na asiyelala vizuri huamka na uchovu, hasira na usahaulifu. Wengine hupata pia ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa, jambo ambalo wengi huona haya kulisema hata kwa mume.

Huu si ugonjwa, na wengine hupita bila taabu kubwa. Lakini kwa wenye dalili, si jambo la mwezi mmoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba nusu ya wanawake waliokuwa na fukuto la mara kwa mara waliishi nalo kwa zaidi ya miaka 7.

Akupancha ilifikaje kwetu?

Akupancha ni sehemu ya tiba ya asili ya China. Mganga huingiza sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani yake, katika sehemu maalumu za mwili, kisha huziacha kwa muda, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Kwa maelezo ya Kichina, sindano hurekebisha mwendo wa nguvu ya uhai mwilini. Wanasayansi wa leo hutafuta maelezo katika mishipa ya fahamu na kemikali za ubongo zinazopunguza maumivu.

Uhusiano wetu na tabibu wa Kichina ni wa siku nyingi. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 ulianza ushirikiano kati ya China na Hospitali ya Muhimbili wa kujaribu dawa za asili za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI. Baadaye zikafunguliwa kliniki za watu binafsi mijini. Ndiyo maana maneno "dawa ya Kichina" hayamshangazi mtu, hata Kilwa.

Utafiti unasema nini?

Hapa tunaomba msomaji awe makini, kwa sababu majibu ni mawili na yote ni ya kweli.

Jibu la kwanza: wanawake wanaopata akupancha hupata nafuu kuliko wasiopata chochote. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2016, wanawake 209 waligawanywa makundi mawili. Waliochomwa sindano kwa miezi sita walipungukiwa na fukuto kwa zaidi ya theluthi moja. Walioachwa wasubiri hawakuona nafuu.

Jibu la pili: sindano za kweli hazikushinda sindano za bandia. Mwaka huohuo watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake 327. Nusu walipata akupancha halisi. Nusu walipata sindano butu ambazo hugusa ngozi bila kupenya, nao hawakujua wako kundi lipi. Mwisho wa matibabu, makundi yote mawili yalipata nafuu ya takriban asilimia 40.

Maana yake ni nini? Nafuu ipo, lakini inaelekea haitokani na sindano kupenya mahali fulani. Huenda inatokana na kupumzika, kusikilizwa, kutarajia kupona, na dalili zenyewe kupungua kadiri siku zinavyokwenda. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini hakikuiweka akupancha katika orodha ya tiba inazozipendekeza kwa fukuto.

Tiba yenye nguvu zaidi ni ya homoni, ambayo hupunguza idadi ya fukuto kwa takriban asilimia 75 ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Haiwafai wote, hasa waliowahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, ugonjwa mkali wa ini, au wanaotokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Kwa wasioweza kutumia homoni zipo dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya zile za sonona kwa dozi ndogo. Ukavu ukeni nao una dawa zake za kupaka.

Hesabu ya safari

Akupancha si tiba ya siku moja. Wale wanawake wa Australia walichomwa mara 10 katika wiki 8. Mama anayetoka Tingi kwenda Dar es Salaam atalipa nauli ya basi kwenda na kurudi mara kumi, au aombe kulala kwa ndugu miezi miwili, huku shamba la ufuta au biashara ya samaki ikimsubiri. Fedha hiyo ni nyingi kwa nafuu ambayo sindano butu pia zimeitoa.

Hatusemi aliyepata nafuu anajidanganya. Kama huduma iko karibu, ni salama na uwezo upo, hakuna ubaya kujaribu. Ila ianzwe na kipimo, sindano zifuate baadaye.

Usalama kwanza

Sindano za akupancha lazima ziwe safi, zifunguliwe mbele yako kutoka pakiti iliyofungwa, na zitupwe baada ya kutumika. Sindano iliyorudiwa inaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Usione haya kuuliza. Mwambie mganga pia kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili watoa huduma hao. Omba kuonyeshwa usajili. Tena, usichanganye akupancha na hijama, ambayo wazee wetu waliiita kuumika. Hijama hutoa damu kwa kuchanja ngozi, kwa hiyo wembe nao uwe mpya.

Dalili zisizosubiri

Kabla ya tiba yoyote, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Jasho la usiku lipimwe malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya kunywa dawa mseto. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kukonda, lipimwe kifua kikuu.

Aliyekoma hedhi kwa mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, aende hospitali bila kuchelewa. Kwa wakazi wa Kilwa, hospitali ya wilaya ni Kinyonga, Kilwa Kivinje. Damu hiyo si ujana uliorudi. Inaweza kuwa jambo dogo, lakini pia inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, na ikikutwa mapema hutibika vizuri zaidi. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 naye amwone daktari, kwa sababu mifupa na moyo wake vinahitaji uangalizi.

Nyumbani, yapo yasiyo na gharama: kanga nyepesi ya kulalia, dirisha wazi huku chandarua kimefungwa, maji ya kunywa karibu na kitanda. Hayaondoi fukuto, lakini hupunguza adha ya usiku. La mwisho ni kusema. Mume, dada na mabinti wakijua mama anapitia nini, hawatamwona mkali bila sababu, wala hatanunua tena dawa ya malaria asiyoihitaji.