Jamaa wa Mnazi na Jamaa wa Mkindu

Mtu wa Tumbe, kaskazini-mashariki ya Pemba, huijua miti hii kwa kazi zake: mnazi kwa tui na makumbi, mkindu kwa mikeka, mchikichi kwa mafuta. Kwa macho utasema mnazi na mkindu ni ndugu, maana yote miwili ina majani membamba yaliyopangika huku na huku ya uti mrefu. Mgeni ni mvumo, wenye jani la duara kama kipepeo cha kupepea moto.

Wataalamu wa mimea hawakuridhika na sura hiyo. Jani jembamba la mkindu hukunjika kwenda juu, na la mvumo vilevile. La mnazi hukunjika kwenda chini. Mwaka 1987 Natalie Uhl na John Dransfield waliigawa jamii nzima ya mnazi katika koo 6, na mkindu wakautia upande wa mvumo na mkoche.

Hoja ya umbo, hata hivyo, ina udhaifu: wasio ndugu nao hufanana. Shahidi mwingine akapatikana ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyoutengenezea mmea chakula kwa mwanga wa jua. Asili yake ni bakteria waliomezwa zama za kale mno, na hadi leo vina DNA yake vyenyewe. Mwaka 1986 watafiti wa Japani walimaliza kuisoma DNA ya kloroplasti ya tumbaku, herufi zipatazo 156,000. Katika mimea mingi ya maua DNA hiyo hurithiwa kwa mama tu, tena hubadilika polepole, hivyo hata udugu wa mamilioni ya miaka husomeka.

Mwaka 2006 Conny Asmussen na wenzake walisoma sehemu za DNA hiyo kwa mimea ya koo zote za jamii ya mnazi. Koo 6 zikawa 5. Mkindu ukabaki na mvumo; mnazi nao ukabaki ukoo mmoja na mchikichi.

Lakini huko kubadilika polepole kuna hasara yake: ndugu wa karibu hawatofautiani vya kutosha. Mfano ni mpapindi wa msitu wa Ngezi, usioota kiasili popote ila Pemba, na ndugu zake wako Madagaska na Komoro. Mtaalamu wa mimea Harold Moore aliuita Chrysalidocarpus pembanus mwaka 1962. Mwaka 1995 ukahamishiwa jenasi ya Dypsis. Hapo kloroplasti peke yake isingetosha. Ilibidi zisomwe jeni nyingi za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, na mwaka 2022 mpapindi ukarudishiwa jina la Moore.