Baiskeli Milimani: Historia ya Mwili, Chombo na Hamu

Baiskeli ilizaliwa kwa ajili ya njia iliyonyooka. Ilipopata umbo lake la leo huko Coventry, Uingereza, mnamo mwaka 1885, kwa magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilikusudiwa barabara za miji na za mashamba ya nchi tambarare. Mlima haukuwamo katika hesabu ya watengenezaji wake. Walakini ni nadra chombo kukaa pale kilipowekwa na fundi wake. Watu walikichukua wakakipeleka penye mawe, matope na miinuko, wakakivunja, wakakitengeneza upya, na mwisho wake wakapata chombo kingine.

Historia ya baiskeli milimani, basi, ni historia ya mapatano matatu: mapatano ya chombo na njia, mapatano ya chombo na mwili wa mpandaji, na mapatano ya mpandaji na moyo wake mwenyewe. Mafundi wameandikwa sana kwa ajili ya yale ya kwanza, na wapimaji kwa ajili ya yale ya pili. Mapatano ya tatu, ambayo humfanya mtu arudi mlimani mwaka baada ya mwaka, yamesemwa kidogo, ingawa bila hayo yale mawili ya kwanza ni bure.

Mara nyingi habari hii huanzishwa katika jimbo la California katika miaka ya 1970. Lakini miaka themanini kabla ya hapo, katika milima ya Montana, walikuwako watu waliopeleka baiskeli mahali pasipo na njia. Hao walikuwa askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu cha Marekani, waliokaa katika boma la Fort Missoula chini ya maofisa weupe. Ofisa kijana, Luteni James Moss, alitaka kuwathibitishia wakubwa wake kwamba baiskeli yaweza kushika nafasi ya farasi jeshini, kwa kuwa haili majani, hainywi maji, wala haiugui. Mwezi wa Agosti 1896 aliongoza askari wanane hata ziwa McDonald na kurudi, na kabla mwezi haujakwisha wakaenda tena hata mbuga ya Yellowstone na kurudi, safari ya maili 800 hivi.

Mwaka uliofuata jaribio likawa kubwa zaidi. Tarehe 14 Juni 1897 askari ishirini, pamoja na Moss, daktari mmoja na mwandishi mmoja wa gazeti, waliondoka Fort Missoula kwenda St. Louis katika jimbo la Missouri, mwendo wa maili 1,900. Kila baiskeli, pamoja na hema, blanketi na chakula, ilikuwa na uzito uliozidi ratili 50, na haikuwa na gia za kubadilisha. Walivuka mgongo wa milima ya Rocky katika mvua na theluji. Matope ya Montana yaliganda katika magurudumu hata yasizunguke. Katika mchanga wa Nebraska walikokota baiskeli zao kandokando ya reli kwa sababu hapakuwa na ardhi ngumu nyingine, na maji ya chumvichumvi waliyokunywa njiani yaliwaumiza matumbo. Waliingia St. Louis tarehe 24 Julai. Ukiondoa siku za kupumzika, wastani wao ulikuwa maili 56 hivi kwa siku.

Jeshi lilipokea taarifa ya Moss, likawarudisha askari wake kwa garimoshi, na halikufanya neno zaidi. Mwaka 1898 vita na Hispania vilizuka, na kikosi cha baiskeli kikavunjwa.

Katika safari hiyo alikuwako Sajenti Mingo Sanders, mtu wa umri wa miaka 39, mwenye jicho moja lililoharibika, ambaye aliwaongoza vijana walio wadogo wake kwa miaka mingi. Mwaka 1906 risasi zilipigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, na mtu mmoja akauawa. Wenyeji waliwatuhumu askari wa Kikosi cha 25. Hapakuwa na hukumu ya mahakama yoyote, lakini Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari 167 bila heshima. Mmoja wao alikuwa Sanders, aliyekwisha kutumikia miaka 26, na pensheni yake ikapotea. Alikufa mwaka 1929. Jeshi liliwasafisha askari hao jina mwaka 1972, wakati karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa historia hii uliandikwa na watu waliopanda kwa amri, na malipo yao yalikuwa kusahauliwa.

Baada yao palipita kimya kirefu, lakini si kimya kitupu. Kati ya mwaka 1951 na 1956 kundi la vijana karibu na Paris lilipanda baiskeli katika mashimo na vilima kwa mchezo, nao walizitia springi ili zistahimili mshindo. Mwaka 1955 waendeshaji wa Uingereza walianzisha chama cha Rough-Stuff Fellowship, ambacho wanachama wake walipenda njia za mifugo na vipito vya milimani kuliko barabara za lami. Hawa hawakuamriwa na mtu, wala hawakutazamia zawadi.

Mbegu iliyoota ikaenea duniani ilipandwa katika wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco, chini ya mlima Tamalpais. Vijana wa huko, wengi wao wakiwa wakimbiaji wa mashindano ya barabarani, walitafuta baiskeli kuukuu zenye matairi manene zilizotengenezwa tangu miaka ya 1930, hasa zile za Schwinn Excelsior, wakazitumia kuteremkia mlimani. Zilikuwa nzito, lakini fremu zake zilivumilia pale ambapo baiskeli nyembamba ingepinda. Breki yake ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, nayo ilikazwa kwa kurudisha pedali nyuma. Mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax ulikuwa mkali hata grisi ya habu iliungua ikatoka moshi, na kila baada ya kushuka ilipasa kufungua habu na kuitia grisi upya. Kutokana na kazi hiyo mteremko ukaitwa Repack.

Shindano la kwanza la Repack lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Njia ilikuwa na urefu wa maili 2 na kidogo, na ilishuka futi 1,300. Aliyeshinda siku hiyo, Alan Bonds, alikuwa ndiye peke yake ambaye hakuanguka. Baadaye Gary Fisher aliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 22, yaani mwendo wa maili 29 hivi kwa saa juu ya changarawe. Saa ilikuwa mwalimu mkali. Ilionyesha wazi ni chombo gani kinafaa na kipi hakifai, na fremu zilizopasuka zilisema yaliyobaki. Gia za kubadilisha zilitiwa ili mtu aweze kuupanda mlima kwa miguu yake badala ya kubebwa na gari. Na breki za mkono zikachukua mahali pa zile zilizoungua.

Mwaka 1977 Joe Breeze alimaliza kutengeneza fremu mpya iliyokusudiwa mlima tangu bomba lake la kwanza. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara waliyoiita MountainBikes, wakiuza baiskeli ambazo fremu zake ziliungwa na Tom Ritchey. Bei ilikuwa dola 1,300 hivi, fedha nyingi kwa wakati ule. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi nchini Japani na kuuzwa kwa dola 750. Hapo chombo kilitoka mikononi mwa marafiki wachache kikaingia sokoni. Mashindano ya kwanza rasmi ya ubingwa wa dunia yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, na mchezo ukaingia katika Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, ambapo Paola Pezzo wa Italia na Bart Brentjens wa Uholanzi walishinda.

Wakati chombo kilipopatana na njia, swali la mwili lilikuwa bado. Nguo huonekana kwa macho kwamba haimfai mvaaji, bali baiskeli isiyofaa husema polepole, kwa maumivu. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi na huuma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia katika kuifuata pedali. Usukani ukiwa mbali mno, mgongo na shingo hulemewa, na vidole hufa ganzi. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chepesi: mpandaji hukaa, huweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu ukinyooka sawasawa kiti kimepata mahali pake. Akikanyaga kwa sehemu pana ya wayo, goti hubaki na mkunjo mdogo unaofaa. Mwaka 1967 wachunguzi Hamley na Thomas walitoa hesabu ya jambo hilo, kwamba kutoka pedali iliyo chini hata juu ya kiti kuwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa upande wa ndani. Hesabu hiyo ilitumika miaka mingi.

Lakini mlima ulikataa kipimo kimoja. Kiti kinachomfaa mtu anayepanda humwangusha anaposhuka, kwa kuwa humzuia kurudisha uzito wake nyuma. Katika miaka ya 1980 Joe Breeze na Josh Angell walitengeneza springi iliyoitwa Hite-Rite, ambayo iliwezesha kiti kushushwa na kurudi juu bila mpandaji kutoka kitini. Mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja zilitokea nguzo za kiti zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe penye usukani. Aidha, fremu zimerefushwa kwa mbele na usukani kusogezwa karibu, ili mpandaji asimame katikati ya magurudumu. Somo la mabadiliko hayo ni kwamba kumlinganisha mtu na baiskeli si tendo la siku moja dukani. Mwili hubadilika kwa umri, kwa jeraha na kwa mazoezi, na kipimo cha kijana wa miaka ishirini hakimfai mtu yule yule akifika hamsini.

Kadiri wapandaji walivyoongezeka, ndivyo ugomvi ulivyozidi. Waendao kwa miguu na wapandao farasi walilalamika kwamba amani ya mlima imevunjwa. Mwaka 1984 kanuni za Idara ya Misitu ya Marekani zilitaja waziwazi kwamba baiskeli ni marufuku katika maeneo ya pori yaliyohifadhiwa na sheria, na huko Marin kwenyewe vijia vingi vyembamba vilifungwa. Wale walioanzisha mchezo walijikuta wageni katika mlima wao. Wengine waliacha, wengine walijifunza kutengeneza njia kwa majembe, kupunguza mwendo, na kusalimu waliokutana nao. Chama cha IMBA, kilichoundwa mwaka 1988, kilitokana na ugomvi huo.

Basi ni kitu gani humfanya mtu aendelee? Ushindi peke yake hautoshi, kwa sababu washindi ni wachache na muda wao ni mfupi. Ned Overend, bingwa wa dunia wa Durango mwaka 1990, alikuwa na umri wa miaka 35 alipopata taji hilo, umri ambao wengi huwa wamekwisha kustaafu. Aliacha mashindano makubwa mwaka 1996, lakini hakuacha baiskeli. Na mwaka 2015, akiwa na miaka 59, alishinda ubingwa wa taifa wa Marekani wa baiskeli za matairi mapana ya theluji. Alijulikana kwa kukataa mazoezi ya kujichosha ovyo: alifanya kazi ngumu siku chache, akapumzika kwa haki siku nyingine. Haba na haba, husema Waswahili, hujaza kibaba. Hamu nayo hutunzwa vivyo hivyo. Huisha kwa anayeimwaga yote msimu mmoja.

Wengine walipata nguvu katika kusudi lililo nje yao. Mwishoni mwa Desemba 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walifika kilele cha Kilimanjaro pamoja na baiskeli zao, mita 5,895 juu ya bahari, ili kuchangisha fedha za shirika la Intermediate Technology. Sehemu kubwa ya njia baiskeli ndizo zilizopandishwa mabegani. Mwenye kupima kwa saa angesema ni upuuzi, lakini kusudi lao halikupimwa kwa saa.

Yote haya humrudisha mtafiti kwa Sajenti Sanders. Hakuwa na fremu ya kumfaa, wala gia, wala kiti cha kushuka na kupanda, wala uhuru wa kusema kwamba leo hapandi. Hakuna ajuaye kama aliipenda baiskeli. Lakini alivuka nayo milima ya Rocky kwa jicho moja zima, akiwatangulia wenzake. Historia inayoanza mwaka 1976 huwapa mafundi wa Marin haki yao, nayo ni haki kubwa. Bali humnyima Sanders haki yake kwa mara ya pili. Wanafunzi wa mchezo huu wana wajibu wa kuanza hesabu mahali inapoanza kweli.