Muda wa kibali cha kubeba bastola

Kibali cha kubeba bastola ni hati inayomruhusu mtu binafsi kutembea na bastola, hasa ikiwa imefichwa chini ya nguo au ndani ya mkoba. Nchini Marekani hakuna kibali kimoja cha taifa zima. Kila jimbo lina sheria yake, na vibali vingi vina tarehe ya mwisho. Ikipita tarehe hiyo, hati hubaki karatasi tu, hata kama mwenye nayo hajabadilika kitu. Kwa hiyo siku ya kupeleka ombi ina uzito wake: anayewahi mno anaweza kupoteza miezi aliyokwisha kuilipia, na anayechelewa anaweza kukaa siku kadhaa bila kibali halali.

Makala hii inaeleza zaidi sheria ya jimbo la Virginia, ambayo imeweka dirisha la siku zinazohesabika, kisha inaigusa Texas, ambako muda wa kibali hufuata siku ya kuzaliwa ya mwenye nacho.

Kibali cha Virginia

Virginia ilipiga marufuku mazoea ya kubeba bastola kwa kificho tangu mwaka 1838. Leo katazo hilo bado lipo kisheria, na kibali ni njia ya kuruhusiwa kulivuka. Tangu mwaka 1995 mahakama inapaswa kumpa kibali kila mwombaji aliyetimiza masharti, bila kumtaka aeleze kwa nini anahitaji silaha.

Mwombaji anapaswa kuwa na umri wa miaka 21 au zaidi. Ombi haliendi polisi moja kwa moja. Hupelekwa kwa karani wa mahakama ya mzunguko ya kaunti au mji anakoishi mwombaji. Hapa mgeni huweza kukosea, maana katika Virginia miji mingi mikubwa si sehemu ya kaunti. Mji wa Roanoke na Kaunti ya Roanoke, kwa mfano, ni maeneo mawili tofauti ya utawala, ingawa jina ni moja. Fomu hujazwa chini ya kiapo, na kusema uongo ndani yake ni kosa la kuapa uongo. Ada yote haizidi dola 50: dola 10 za karani, hadi dola 35 za polisi wa mahali kwa uchunguzi wa rekodi, na hadi dola 5 za polisi wa jimbo.

Mwombaji wa mara ya kwanza huonyesha pia uthibitisho kwamba amefunzwa kutumia bastola. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mafunzo ya kwenye intaneti peke yake hayakubaliki tena. Lakini uthibitisho wenyewe hauna tarehe ya mwisho: sheria inasema wazi kwamba haupitwi na wakati, wala mtu hawezi kutakiwa kuthibitisha ujuzi wake mara ya pili. Kinachokwisha ni kibali, si cheti cha mafunzo.

Wahamiaji, wakiwemo Waswahili na Wakongo walioishi Virginia kwa miaka, wanahusika na sharti jingine. Asiye raia hawezi kupewa kibali hiki isipokuwa awe mkazi wa kudumu aliyekubaliwa kisheria. Mkimbizi ambaye bado hajapata ukazi wa kudumu hupaswa kusubiri, hata kama anaishi nchini kihalali.

Dirisha la siku 90 hadi 180

Kibali cha Virginia hudumu miaka 5. Kifungu cha 18.2-308.010 cha sheria za jimbo kinasema kwamba kibali kipya kikitolewa wakati cha zamani bado ni halali, kipya kitaanza kazi siku ile cha zamani kinapokwisha. Lakini kuna sharti: mahakama iwe imelipokea ombi si chini ya siku 90 na si zaidi ya siku 180 kabla ya tarehe ya mwisho.

Mfano utasaidia. Chukua kibali kinachokwisha tarehe 30 Septemba 2025. Siku 180 kabla yake ni tarehe 3 Aprili, na siku 90 kabla yake ni tarehe 2 Julai. Ombi likipokewa kati ya tarehe hizo mbili, kibali kipya kitaanzia pale cha zamani kilipoishia, na miaka mitano itafika Septemba 2030. Hakuna siku iliyopotea.

Sasa mtu huyohuyo awe na haraka, apeleke ombi tarehe 20 Machi, siku 194 kabla ya mwisho. Mahakama ikimpa kibali mwezi Aprili, hana ulinzi wa kifungu kile. Miaka yake mitano huhesabiwa tangu kutolewa, nayo itakwisha Aprili 2030. Amelipa ada ileile na kupata miezi mitano pungufu. Ajabu ya sheria hii ni kwamba mwenye bidii kupita kiasi huadhibiwa sawa na mvivu. Anayepeleka ombi katika siku 90 za mwisho, naye akapewa kibali mapema kabla cha zamani hakijakwisha, hupoteza siku zilizobaki kwa namna hiyohiyo, ingawa hasara yake ni ndogo zaidi.

Inafaa kuangalia neno lililotumika: kupokewa. Mtu aliyewahi kuwa na kibali cha Virginia halazimiki kufika mwenyewe mahakamani. Anaweza kutuma ombi kwa posta pamoja na nakala ya kitambulisho chenye picha. Ila siku inayohesabiwa ni ile ombi linapofika kwa karani, si siku bahasha ilipotiwa posta. Aliyetuma barua tarehe 30 Juni katika mfano wetu anaweza kukuta imefika tarehe 5 Julai, na dirisha limeshafungwa.

Siku 45 na hati ya muda

Upande wa pili wa hesabu ni muda wa mahakama. Karani huandika juu ya ombi tarehe aliyolipokea likiwa na kila kinachotakiwa. Kuanzia hapo mahakama ina siku 45 za kutoa kibali au kuamua kwamba mwombaji hastahili. Ombi lenye kasoro au ada pungufu haliianzishi saa hiyo, japo mahakama inatakiwa kumjulisha mwombaji upesi kuhusu kasoro hiyo.

Siku 45 zikipita bila uamuzi, sheria haimwachi mwombaji mikono mitupu. Karani anapaswa kuthibitisha juu ya ombi kwamba muda umepita, kisha kumtumia mwombaji nakala yake kwa posta au baruapepe ndani ya siku 5 za kazi. Nakala hiyo yenye uthibitisho hutambuliwa kama kibali, mradi ionyeshwe pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Hudumu siku 90, au mpaka mahakama itoe uamuzi wake. Mwombaji akionekana baadaye hastahili, hulazimika kuirudisha.

Hati hii ya muda ni msaada mkubwa, lakini haizibi kila pengo. Rudi kwenye mfano wa tarehe 30 Septemba 2025. Ombi likipokewa tarehe 15 Agosti, siku 45 zinatimia tarehe 29 Septemba, Jumatatu. Karani ana siku 5 za kazi, yaani hadi Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba. Kila mtu amefuata sheria, hakuna aliyezembea, na bado mwombaji anaweza kuamka tarehe 1 Oktoba akiwa na kibali kilichokwisha, na hati ya muda haijafika. Siku hizo chache hana ruhusa ya kuficha bastola mwilini.

Adhabu ya kubeba silaha iliyofichwa bila kibali si ndogo. Kosa la kwanza ni la daraja la juu kabisa miongoni mwa makosa madogo: kifungo kisichozidi miezi 12, faini isiyozidi dola 2,500, au vyote viwili. Kosa la pili huingia katika kundi la makosa makubwa, na la tatu hupanda daraja zaidi. Mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba alikuwa amepewa kibali halali wakati wa tukio. Maneno hayo, wakati wa tukio, ndiyo yanayomkwamisha aliyechelewa: kibali atakachopata wiki ijayo hakimsaidii kwa jambo la leo. Kosa hilo halifanani na la mtu mwenye kibali halali aliyeshindwa tu kukionyesha anapotakiwa na polisi. Huyo hulipa dola 25.

Aliye katika pengo hilo bado anaweza kumiliki bastola yake. Virginia kwa jumla haidai kibali kwa silaha inayobebwa waziwazi, ingawa yapo maeneo yaliyokatazwa, wala kwa bastola iliyomo ndani ya gari binafsi ikiwa imefungiwa kwenye chombo au sehemu ya kuhifadhia. Kinachokoma ni ruhusa ya kuificha mwilini.

Tarehe nyingine zinazohesabiwa

Si tarehe ya mwisho peke yake inayohusu siku ya ombi. Baadhi ya sababu za kunyimwa kibali hupimwa kwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Aliyehukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa hastahili kama hukumu ilitolewa ndani ya miaka 3 kabla ya ombi. Mwenye hukumu mbili au zaidi za makosa madogo ndani ya miaka 5, ukiacha makosa ya barabarani, naye anaweza kukataliwa. Vivyo hivyo aliyelazwa kwa matibabu ya akili au ya uraibu ndani ya miaka 5 iliyopita. Mtu aliyehukumiwa kwa ulevi barabarani tarehe 10 Mei 2023 akiomba Aprili 2026 hana haki; akingoja mpaka miaka mitatu itimie, kikwazo hicho kimeondoka.

Hapa sheria mbili huweza kuvutana. Mwenye kibali anayetaka kuomba ndani ya dirisha la siku 90 hadi 180 anaweza kukuta kwamba kikwazo chake hakijaisha, na anayesubiri kiishe akakuta dirisha limepita. Katika hali hiyo kupoteza siku chache za kibali ni hasara ndogo kuliko kukataliwa. Anayekataliwa ana siku 21 za kuomba kusikilizwa na mahakama.

Askari wana nafuu yao. Kibali cha askari kikiisha wakati ametumwa kikazi nje ya kaunti au mji wake, hubaki halali siku 90 baada ya mwisho wa utumishi huo, mradi abebe pia nakala ya amri ya kutumwa kwake.

Jambo jingine linalochanganya watu ni hati mbadala. Aliyehama hupewa hati yenye anwani mpya kwa ada isiyozidi dola 10, na aliyepoteza kibali hupewa kingine baada ya kuapa kwamba kimepotea. Hati iliyotolewa badala ya iliyopotea hubeba tarehe ileile ya mwisho ya kibali cha awali. Ni nakala, si uhuishaji, na upya wa karatasi usimdanganye mtu kwamba ameanza miaka mingine mitano.

Texas: siku ya kuzaliwa

Texas hupanga mambo kwa njia tofauti kabisa. Leseni ya kwanza hukoma siku ya kwanza ya kuzaliwa ya mwenye nayo inayofuata baada ya miaka 4 kutimia tangu kutolewa. Maana yake ni kwamba leseni mbili zilizotolewa wiki moja zinaweza kupishana karibu mwaka mzima.

Mtu aliyezaliwa tarehe 12 Machi akipewa leseni tarehe 10 Machi 2020, miaka minne inatimia tarehe 10 Machi 2024, na siku ya kuzaliwa inayofuata ni keshokutwa yake. Leseni imedumu miaka 4 na siku 2. Angepewa tarehe 14 Machi 2020, miaka minne ingetimia siku mbili baada ya siku yake ya kuzaliwa, na leseni ingeendelea mpaka tarehe 12 Machi 2025. Siku nne zimezaa tofauti ya mwaka. Hata hivyo mwombaji hachagui siku ya kutolewa leseni. Idara ya usalama ya jimbo ina hadi siku 60 za kushughulikia ombi, kwa hiyo anayejaribu kulipanga ombi lake hubahatisha.

Kwa leseni inayohuishwa, bahati nasibu hiyo haipo. Muda mpya huhesabiwa miaka 5 kutoka mwisho wa leseni ya zamani, kwa hiyo aliyewahi kuhuisha hapotezi kitu. Kwa hili Texas imekuwa ya kiungwana kuliko Virginia.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 wakazi wengi wa Texas wenye miaka 21 wanaweza kubeba bastola bila leseni. Leseni haikufutwa, na bado ina faida. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bunduki au bastola karibu na shule, katika umbali wa futi 1,000 ambao ni kama mita 300, lakini humwacha mwenye leseni ya jimbo hilohilo. Leseni ikiisha, kinga hiyo huondoka nayo, ingawa sheria ya Texas yenyewe haimdai kitu.

Mahakama Kuu na ucheleweshaji

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba jimbo haliwezi kumtaka mwombaji athibitishe kuwa ana haja ya pekee ya silaha. Uamuzi huo haukufuta mfumo wa vibali. Majimbo yanayotoa kibali kwa kila anayetimiza masharti yaliruhusiwa kuendelea kudai mafunzo na uchunguzi wa rekodi. Lakini katika tanbihi ya uamuzi huo mahakama iliacha mlango wazi: mfumo wa namna hiyo unaweza kupingwa ikiwa maombi yanacheleweshwa muda mrefu, au ada ni kubwa mno, hata watu wa kawaida wakanyimwa haki yao.