Dawa na Dawa za Kulevya: Lugha ya Tiba ya Uraibu Magerezani

Heroini ilianza kuenea katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, nayo ikajiundia msamiati wake. Kete, ambayo mchezaji wa bao huijua kwa maana nyingine, ikawa jina la kipakiti. Unga haukuwa tena wa ugali pekee. Mateso ya kuikosa heroini yakaitwa arosto. Msamiati huo ulikomaa vijiweni na mahabusu, wala si hospitalini.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa Geneva mwaka 1955, ziliagiza mkalimani atumiwe kila inapohitajika. Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015 zilikwenda mbali zaidi: Kanuni ya 24 inataka tiba iendelee bila kukatika, ikiwamo ya utegemezi wa dawa za kulevya, na ya 55 inagusa lugha ambayo mfungwa anapewa habari. Lakini maneno ya kanuni hizo yanamlenga zaidi mgeni asiyejua lugha ya nchi. Mswahili anayehojiwa kwa Kiswahili na bado asieleweke hakuwekewa kifungu.

Naye yupo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni Februari 2011, na Kenya ilipofuata mwaka 2014, mgonjwa alitakiwa kunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu. Anayekamatwa leo huenda akakikosa cha kesho. Akisema ana arosto, askari aweza kusikia lugha ya kihuni tu. Akisema anaumwa tumbo na viungo, tabibu aweza kutafuta maradhi mengine kabisa.

Istilahi rasmi nayo ina utata wake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kliniki nayo huiita methadoni dawa. Mfungwa anayeambiwa aache dawa ili anywe dawa ana haki ya kuuliza tofauti, hasa anapotakiwa kutia saini ya ridhaa. Mihadarati, neno la asili ya Kiarabu lililozoeleka zaidi Kenya, halina mgongano huo. Uraibu, lililohusishwa zamani na utafunaji wa tambuu, lina heshima ambayo uteja haujapata kuwa nayo. Hata hivyo, mgonjwa mwenyewe ni nadra kulitamka.

Katika gereza la Shimo la Tewa, kaskazini mwa Mombasa, kliniki ya methadoni ilifunguliwa ndani ya kuta. Gereza hilohilo limewahi kuwashikilia Wasomali walioshtakiwa kwa uharamia, ambao walimhitaji mkalimani wa mwaka 1955.